Kibuyu Kilichorudi Kimejaa

Kasoro nilizompa Mungu kwanza ni zile nilizokwisha kuzichoka.

Nilimpa uvivu wangu wa asubuhi. Nilimpa wivu niliokuwa nao kwa waandishi wenzangu waliochapishwa kabla yangu. Nilimpa ule uongo mdogo mdogo wa mlevi, wa nilikuwa wapi na nilikuwa na nani, ambao tangu niache pombe haukuwa na kazi tena. Nilivitoa vyote bila kusita, viganja wazi juu ya magoti, katika chumba cha nyuma cha kanisa letu mjini Malindi, ambako feni hulia kama njiwa na viti vya plastiki hunata mgongoni. Wenzangu wakasema amina. Nikarudi nyumbani mwepesi, nikiamini hatua ile nimeimaliza.

Kundi letu ni la watu walioacha pombe na vitu vingine vibaya kuliko pombe. Tunakutana Jumamosi, baada ya alasiri, jua likiwa limeanza kuhurumia mabati. Mtu huanza kwa kukiri kwamba ameshindwa, akaendelea hatua kwa hatua, mpaka afike kwenye hatua ya kuwa tayari Mungu amwondolee kasoro za tabia yake. Inayofuata ni ya kumwomba aziondoe kweli. Mgeni hudhani hizo mbili ni kitu kimoja. Mlezi wangu katika kundi, dada mmoja mwenye saluni karibu na soko, hakubali. Anasema kuna mteja anayekaa kwenye kiti na kuna mteja anayekubali mkasi.

"Wengi wanakaa tu," husema. "Ukigusa nywele, wanashika kichwa."

Mimi nilikuwa nimekaa. Na ile nywele niliyoishika kwa mikono miwili sikujua hata kama ni kasoro. Niliiita upendo, na siku nyingine niliiita kipaji.

Wazazi wetu walifariki tukiwa wadogo, mimi na dada yangu, tukalelewa Kakuyuni na baba mdogo na shangazi. Dada yangu alikuwa mtoto wa maneno machache. Akitumwa dukani alisimama mbele ya kaunta akikunja ncha ya nguo yake mpaka mwenye duka akachoka, nami ndiye niliyesema, "Anataka sukari." Shuleni mwalimu alipomuuliza kwa nini amechelewa, nilimjibia kutoka dirisha la darasa langu. Nilizijua njaa zake na homa zake, nikazitangaza kabla hajafungua kinywa. Nadhani hapo ndipo nilipoanza kuwa mwandishi, pale dukani, nilipogundua kwamba mtu akinyamaza naweza kumpa maneno, na watu wakayaamini kuwa yake.

Hata katika miaka niliyokunywa sikuacha. Nilirudi nyumbani napepesuka, nikamwambia shangazi, "Dada hajakasirika," na dada mwenyewe yuko pale pale, amenuna kama mawingu ya masika.

Kisha akapata mchumba. Kijana ni fundi wa friji katika hoteli za Malindi, mpole, mwenye kucheka taratibu. Babake ni mgema wa upande wa Takaungu, anayepanda minazi yake mwenyewe asubuhi na jioni, na pombe aigemayo inasifiwa mpaka Kilifi mjini.

Kwetu, watu wa upande wa mwanamume wakija kuposa huja na kibuyu cha pombe ya mnazi. Hiyo si ya karamu. Ni ya kufungulia maneno, nasi huiita kadzama. Wazee hukipokea kibuyu, huketi, kisha binti huitwa akaulizwa mbele ya wote: hii imeletwa kwa ajili yako, tunywe au tusinywe? Akisema kunyweni, mazungumzo yameanza. Akikataa, kibuyu hurudi na wenyewe kikiwa kimejaa, na hakuna wa kumlaumu. Siku hizi jamaa wengi wa makanisani huleta soda mahali pa mnazi. Swali halibadiliki.

Siku ya wageni nilikuwa nimeacha pombe kwa muda wa kutosha kujiona shujaa, lakini si wa kutosha kuacha kuiogopa harufu yake. Niliwaona wakiteremka kutoka kwenye tuktuk, mzee mbele, amekikumbatia kibuyu kilichofungwa mdomo kwa kitambaa kipya cheupe. Baba mdogo alikuwa ameingia ndani kuchukua viti. Nikaenda kusimama langoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo. Lakini kabla hamjaingia, mzee. Dada yangu ni mtu wa Mungu. Hataki ndoa yake ifunguliwe kwa pombe. Amenituma niwaambie."

Mzee akanitazama. "Amekutuma?"

"Amenituma."

Ningeishia hapo. Lakini vijana wa jirani walikuwa wamekaa juu ya magogo kando ya njia wakisikiliza, na mimi nikiona wasikilizaji ni kama mbuzi aliyeona muhogo. Nikaongeza, "Au mzee hukuja kuposa? Umekuja kututafutia wateja?"

Vijana wakaangua kicheko. Nikafurahi, sitasema uongo. Mzee hakucheka. Alikitazama kile kitambaa cheupe, akakilaza vizuri kwa kidole gumba, akasema, "Basi. Tumesikia." Wakageuka, yeye na nduguze, wakarudi kwenye tuktuk iliyokuwa bado haijageuza.

Baba mdogo akatoka na kiti katika kila mkono. "Wageni wako wapi?"

"Wamerudi. Nimewaambia hatutaki pombe."

"Hatutaki, sisi na nani?" Akaviangusha viti, akakimbia kuelekea barabarani, mkono mmoja umeshika msuli kiunoni usimdondoke. Hakuwakuta.

Ndani, dada yangu alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amejitanda leso mpya. Alisikia yote. Aliivua leso, akaikunja pande zake nne, akatoka uani kuchuma mchicha.

Siku chache baadaye mchumba wake alimpigia simu. Babake alikuwa amepokea jawabu: kibuyu kimerudi kimejaa, binti amekataa. Kijana alijua si kweli, lakini hakuwa na la kumwambia mzee. Neno lilitoka langoni kwetu, tena kwa kinywa cha kakake msichana. Mzee alimwambia atafute kwingine, kwa kuwa yeye hamwendei mwana wa watu mara mbili, kama asivyopanda mara mbili mnazi usiotoa.

Dada alinijia jikoni, simu bado mkononi.

"Kaka, nilikutuma lini?"

"Hukunituma kwa maneno, lakini najua wewe..."

"Nimekuuliza lini."

Nikaanza kupanga vikombe vilivyokuwa vimeshapangwa.

"Nilikuwa chumbani nangoja kuulizwa," akasema. "Maisha yangu yote hakuna aliyeniuliza kitu watu wakanyamaza wanisikilize. Siku ile ilikuwa yangu. Nilikuwa nimeshajua nitasema nini." Akaiweka simu juu ya meza. "Na sasa kule Takaungu wanajua nimekataa."

Jumamosi nikaenda kundini. Ni aibu kueleza, lakini nilikwenda nikiwa bado natumaini kupongezwa. Niliisimulia habari ile vizuri. Niliiga sauti ya mzee, nikaiga tuktuk, nikaiga baba mdogo na msuli wake. Watu wakacheka panapochekesha. Nilipomaliza, dada wa saluni akainua mkono.

"Ngoja. Umetuambia alivyosema mzee, alivyosema baba mdogo, na ulivyosema wewe, tena wewe kwa kirefu. Dada yako alisema nini?"

"Alikuwa ndani."

"Sikukuuliza alikuwa wapi."

Feni ikalia. Nikasema kwamba hakusema kitu, hakuulizwa.

"Na siku ile hukunywa?"

"Sikunywa hata tone."

"Mungu asifiwe," akasema. "Sasa mbona ukafanya fujo ya mlevi?"

Mtu mmoja nyuma akakohoa kuficha kicheko. Uso wangu ukapata moto. Nilimwambia, na sauti yangu haikuwa nzuri, kwamba kusema kwa niaba ya watu ndiyo kazi yangu. Ndivyo ninavyoandika. Namtazama mtu, najua atasema nini, naandika. Mungu akiniondolea hiyo nitabaki na nini?

Hakunikasirikia. Alivuta kiti chake kikasogea karibu na changu. "Kumbe ndiyo hiyo," akasema taratibu. "Zile nyingine ulituletea mbio mbio, nikajiuliza huyu anaficha nini. Sikiza, ndugu yangu. Watu wa kwenye kitabu chako hawawezi kukuambia unyamaze. Dada yako anaweza, ila kila mara unamwahi. Hiyo nayo ilete. Kinachokufaa Mungu atakurudishia, yeye si mwizi."

Nikafungua viganja. Vilikuwa vizito. Nilikaa hivyo muda mrefu, na kwa mara ya kwanza tangu nijifunze kusema sikupata sentensi nzuri. Mwishowe nikasema, "Bwana, nawasemea watu. Nawanyang'anya maneno. Naogopa kuiacha. Iondoe hata kama naogopa." Wenzangu wakasema amina, kwa sauti ya chini kuliko siku zote.

Sikuona nuru. Sikusikia kitu kikinitoka. Nilitoka nje, nikasikia njaa, nikanunua viazi karai. Lakini usiku ule nililala fofofo, na kulipokucha nilimwomba baba mdogo anipeleke Takaungu.

Tulimkuta mzee juu ya mti. Ilikuwa saa yake ya kugema ya jioni. Kutoka chini tuliona nyayo tu, na kisu kikimeta kati ya makuti.

"Hodi!" akaita baba mdogo.

"Karibuni! Nani?"

"Ni sisi wa Kakuyuni! Nimekuja na mwanangu!"

Kisu kikaacha kumeta. "Yule wa hotuba?"

"Ndiye!"

"Mwambie leo aseme kwa ufupi! Bado nina miti mingine!"

Njiani nilikuwa nimetunga maneno ya kuomba radhi, yenye mwanzo, kati na mwisho. Nikaanza, "Mzee wangu, nimekuja mbele yako nikiwa na moyo..."

"Sisikii! Huku juu kuna upepo!"

"Nimesema, nikiwa na moyo..."

"Moyo wa nani? Sema kwa nguvu!"

Majirani wakaanza kuchungulia. Mwanamke mmoja aliyekuwa akianika nguo akasimama na shuka mikononi. Nikavuta pumzi, nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote kuelekea angani: "Nilikosea! Dada hakunituma! Nisamehe!"

Hata kasuku wa hoteli angeweza kuyasema maneno yale. Ndiyo yaliyofika.

Mzee akateremka bila haraka, mguu baada ya mguu. Alipofika chini alikitundika kibuyu chake kwenye mti wa mbali, upande upepo unakokwenda, harufu isinifikie, akaingia nyuma ya nyumba akarudi na dafu amelikata kichwa. Akanikabidhi. "Hili ndilo lako," akasema. "Mwanangu ameniambia habari zako. Ningejua mapema, ningekuja na soda." Kisha akamgeukia baba mdogo. "Kwa hiyo binti hakukataa?"

Baba mdogo akanitazama. Wote wawili wakanitazama. Nilikuwa najua jawabu, nilikuwa nalijua kwa uhakika wote, lilikuwa limefika kwenye meno.

"Hajaulizwa," nikasema.

Mzee akatikisa kichwa kwa kukubali. "Basi tutakuja kumuuliza."

Nisingependa mtu adhani kwamba baada ya hapo nilikuwa mtu mpya. Wiki ile ile nilimsindikiza dada sokoni Malindi kununua leso, kwa kuwa ile ya kwanza alisema hataivaa tena. Mwenye duka akazitandaza, akamuuliza, "Rangi gani, mwanangu?"

"Nyekundu," nikajibu.

Dada akanigeukia. Mwenye duka akanigeukia. Nikajiziba kinywa kwa kiganja, kama mtoto aliyetapika karamuni. Dada akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza, na mwenye duka naye akacheka bila kujua sababu, na mimi nikacheka nyuma ya kiganja changu. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka nami tangu siku ya langoni.

"Kijani," akasema alipopata pumzi. "Ile yenye michoro ya korosho."

Miaka yote nilidhani anapenda nyekundu.

Safari hii, kabla ya wageni kuja, baba mdogo alimuuliza dada hata kuhusu kibuyu. Dada akasema mzee alete alichokigema kwa mikono yake, kwa wazee wanaokunywa, na wa kanisani waletewe soda. Sikuambiwa nifanye nini, kwa hiyo nikampigia simu dada wa saluni, nikamwambia ukweli: naogopa harufu, na naogopa ulimi.

"Kaa jikoni," akasema. "Nami nakuja kumsuka bibi harusi. Nitakuwa hapo."

Hivyo ndivyo nilivyojikuta, siku ya wageni, nimekalia mbuzi jikoni kwa shangazi, ubao chini yangu na meno yake ya chuma mbele, nakuna nazi ya wali wa watu wote. Ukuta wa makuti ulinitenga na baraza. Wanawake wa jirani walijaa, na nadhani wengine walikuja kunitazama tu.

"Njooni mwone!" akaita shangazi. "Mwandishi kapoteza kalamu, kashika mbuzi!"

"Kunja magoti, baba. Hiyo si bodaboda."

"Muulizeni, hapo alipo ameandika kurasa ngapi?"

"Mwacheni," akasema dada wa saluni kutoka mlangoni, midomo imejaa vibanio. "Leo anaandika kwa matako."

Wakacheka hadi sufuria zikacheka. Nilikuwa na majibu. Nilikuwa na moja zuri mno la shangazi, nikalihisi likipanda kooni lenyewe, limekamilika, lina mizani. Nikakuna nazi. Likakaa kidogo, likashuka. Chembe nyeupe zilianguka kwenye sinia moja moja, na harufu yake tamu ilikuwa na nguvu kuliko ile iliyokuwa ikitoka barazani.

Tukasikia salamu. Tukasikia viti. Kisha sauti ya baba mdogo, aliyoikaza kidogo kwa ajili ya siku yenyewe: "Mwanangu, njoo." Nyayo za dada zikapita nyuma ya makuti. Jikoni kila mtu akaacha alichokuwa akifanya. Shangazi akauinua mwiko kutoka kwenye mchuzi, ukawa unadondoka.

"Mwanangu," akasema baba mdogo, "hii imeletwa kwa ajili yako. Tunywe au tusinywe?"

Kimya.

Nilikijua kimya kile. Ni cha mtoto mbele ya kaunta, ncha ya nguo inakunjwa na kukunjuliwa.  Maneno yakaja yote kwa pamoja, ya adabu, ya kupendeza, yanayomfaa binti wa watu siku kama ile, na kati yangu na baraza palikuwa na makuti tu. Nikafungua viganja, vimejaa nazi. Chukua, nikasema ndani ya moyo. Chukua tena.

Kimya kikaendelea. Hakuna aliyekijaza. Nilitambua kwamba hakikuwa cha hofu. Alikuwa akikionja tu.

"Kunyweni," akasema dada yangu, kwa sauti iliyofika mpaka kwenye banda la kuku. "Lakini baba mdogo, wewe kidogo."

Baraza likalipuka kwa kicheko. Nilimsikia mzee wa Takaungu akicheka kwa mara ya kwanza, kicheko kinene cha kukohoa, akisema, "Huyu ndiye! Huyu ndiye!" Shangazi akapiga kigelegele, wenzake wakamjibu, na mwiko ukaanguka ndani ya mchuzi ukazama mzima.

Katika miaka yangu yote ya kumtungia maneno nisingeyatunga yale. Ningempa kitu kizuri, kikamkaa kama ile leso nyekundu niliyotaka kumchagulia. Tangu siku ile naandika polepole zaidi. Mtu akifika kwenye ukurasa wangu akanyamaza, sasa namngoja, na mara nyingi anasema jambo nisilolitazamia. Sijui kama ndicho dada wa saluni alichomaanisha aliposema kitarudishwa. Sijamuuliza. Najua kasoro yenyewe bado inakuja kugonga, nami nafungua viganja siku nyingine mara moja, siku nyingine mchana kutwa.

Dada akaingia jikoni, leso ya kijani mabegani, jasho puani, amechangamka. Wanawake wakamrukia. Alipojinasua alikuja kusimama juu yangu, akavitazama vifuu nilivyovirundika kando. Akaokota kimoja, akakigeuza kwenye mwanga wa mlango.

"Kaka, hivi bado vina nazi. Ndivyo unavyokuna?"

Shangazi akangoja nijibu. Jiko zima likangoja.

"Nionyeshe," nikasema, nikaondoka kwenye mbuzi.

Akaikusanya leso yake mpya magotini, akaketi, akakishika kifuu kwa mikono miwili. Akaanza kunieleza, kwa maneno yake, bila haraka, vile kifuu kinavyozungushwa na mkono unavyokazwa, nami nilichuchumaa karibu naye nikasikiliza mpaka akamaliza.